Seti ya kukagulia sarafu za kale: mizani inafaa, lenzi inadanganya, kitambaa kitupwe

Kikasha ni cheusi, kina zipu, kinatosha kwenye kiganja. Huagizwa mtandaoni, kinafika Dodoma kwa basi, na kimebandikwa majina tofauti tofauti kulingana na muuzaji, lakini ndani ni kilekile: mizani ya mfukoni inayobeba hadi gramu 200 kwa hatua ya gramu 0.01, lenzi ya kukunja iliyochongwa "30x21", kalipa ya dijitali (kifaa cha kupimia upana), sumaku ndogo ya duara, vifuko vya plastiki ishirini, kitambaa cha kung'arishia na kichupa cha dawa ya kusafishia fedha. Tumekipitia kwa kutumia sarafu ambazo watu wa huku wanazo kweli ndani ya masanduku na vibuyu: rupia za Mjerumani, heller 20 za Tabora (heller 100 zilikuwa rupia moja), shilingi za mfalme wa Uingereza na zile za Mwalimu za 1966.

Hukumu yetu mapema: mizani, kalipa na sumaku vinafaa. Lenzi na vifuko vinataka uangalifu. Kitambaa na dawa vimeharibu sarafu nyingi kuliko jembe la mkulima, na haviwezi kukaa kwenye seti inayojiita ya wakusanyaji.

Tuanze na mizani, maana ndiyo roho ya seti.

Rupia moja ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitengenezwa kwa gramu 11.66 za fedha ya sehemu 917 kwa 1,000, sawa na rupia ya India iliyokuwa ikitembea pwani kabla yake. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.92, na ile adimu ya rupia mbili, ya 1893 na 1894, ni 23.32. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1925 ni gramu 7.78, lakini fedha yake ni sehemu 250 tu kwa 1,000. Namba hizi ziandike kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya kifuniko cha kikasha, kwa sababu kijitabu cha maelekezo hakina hata moja.

Rupia iliyopita mikononi kwa miaka mingi hupungua. Kukuta 11.4 au hata 11.3 kwenye sarafu iliyochakaa waziwazi ni jambo la kawaida. Kosa lipo pale uzito na uchakavu visipokubaliana: masharubu ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani aliye usoni, yana makali, manyoya ya ndege aliye juu ya kofia yanahesabika, halafu mizani inasoma 10.9. Sarafu ya namna hiyo haikupungua kwa kutumika. Ama ni ya kusubu, yaani ya metali iliyomiminwa kwenye kalibu, ama metali yake si fedha, ama imekwanguliwa ukingoni.

Mizani yenyewe inahitaji kuaminiwa kwanza. Kitufe cha kurekebisha kinadai jiwe la gramu 100, na jiwe hilo kwenye seti halimo. Usitumie paketi ya sukari wala betri za redio. Nenda kwa sonara mwenye mizani inayokaguliwa, pima sarafu tatu za uzito tofauti, andika, rudi nyumbani upime tena. Kisha fanya jaribio la kujumlisha: pima sarafu ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, halafu zote mbili pamoja. Jumla ikipishana kwa zaidi ya gramu 0.02, mizani hiyo irudishwe. Zile tulizopitia zilifaulu jaribio hili zikiwa na betri mpya. Betri zikichoka, namba ya mwisho huanza kucheza, na hakuna taa inayokuonya.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina usemi wake. Kuanzia Juni upepo unavuma, na mizani ya hatua ya 0.01 huusikia hata kupitia dirisha lililofunguliwa nusu. Zima feni, weka mizani juu ya meza nzito, ifunike na kopo la plastiki angavu lililogeuzwa. Vumbi ni adui wa pili: chembe mbili tatu zikiingia chini ya sahani, sahani hugusa mwili wa mizani na uzito husomeka pungufu. Pampu ya mpira ya kusafishia masikio inatosha kulipuliza. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika.

Kuna tabia moja ya mizani hizi ambayo wauzaji hawaitaji. Zikikaa kwenye sifuri, hujirudisha sifuri zenyewe kila zinapoona badiliko dogo la polepole. Ukishusha kitu taratibu mno, kiasi fulani humezwa na hakionekani. Hili lina maana kubwa kwenye kipimo cha maji, na kipimo cha maji ndicho sababu ya kununua mizani hii.

Hiki hapa. Chukua kikombe kidogo chepesi cha plastiki, tia maji ya kutosha kuzamisha sarafu nzima, kikombe na maji kwa pamoja visizidi gramu 150. Weka juu ya mizani, bonyeza kitufe cha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, ishushe kwa mwendo mmoja hadi izame yote, isiguse chini wala pembeni. Shikilia uzi, soma namba. Namba hiyo, kwa gramu, ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo, kwa sababu maji yanaisukuma sarafu juu na sarafu inayasukuma maji chini kwa kiasi hichohicho. Gawa uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo.

Rupia halali ya gramu 11.66 itasoma karibu 1.13, yaani msongamano wa 10.3. Shaba nyeupe isiyo na fedha, ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, itasoma karibu 1.31. Shaba ya njano iliyopakwa fedha itakaribia 1.37. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba kosa la 0.01 halibadilishi jibu, ila mizani ya hatua ya 0.1, kama zile za kupimia viungo, hapa haina kazi. Kwa rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye picha ya tembo, ambayo ni gramu 7.17 za dhahabu ya sehemu 750, tarajia karibu 0.48. Ile ya shaba ya njano iliyochovywa dhahabu, ukiikuta na uzito huohuo, itakupa karibu 0.84. Kwa tembo huyo, hiki ndicho kipimo cha kwanza kabla ya kufungua mdomo kuhusu bei.

Kinachoharibu kipimo ni mapovu. Hung'ang'ania kwenye meno ya ukingoni na kuongeza ujazo, hivyo fedha halali inaonekana kama feki. Tone dogo la sabuni ya vyombo kwenye maji huyaondoa. Na maji yasiwe ya bombani. Maji ya Dodoma yana chumvi nyingi, kila mwenye birika anajua, na tone likikaukia juu ya fedha huacha doa jeupe. Tumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, ila soma chupa mara mbili, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na tindikali ya betri. Ukimaliza, gusisha sarafu kwenye kitambaa laini cha pamba kinywe maji. Usisugue.

Sasa lenzi. Imechongwa "30x21", eti inakuza mara 30 na kioo chake kina upana wa milimita 21. Haiwezekani. Lenzi inayokuza mara 10 huona vizuri ikiwa umbali wa takriban milimita 25 kutoka kwenye kitu. Ya mara 30 ingetaka umbali wa milimita 8 hivi, na kioo chake kingekuwa kidogo sana. Weka rula pembeni ya lenzi hii, sogeza hadi maandishi yaonekane safi, soma umbali: zile tulizopitia ziko kwenye milimita 25 na zaidi. Ni mara 10 au pungufu. Hilo lisingekuwa tatizo, maana mara 10 ndicho kipimo cha kazi hii na wengi huipa sarafu daraja la hali yake kwa mara 5 hadi 7. Tatizo ni kwamba kioo ni kimoja kisichosahihishwa, kingo za picha zinapinda na kila mstari unapata utepe wa zambarau na njano. Utepe huo unaficha rangi halisi ya metali, na rangi ndiyo inayotofautisha mchubuko wa jana na wa miaka hamsini. Lenzi ya sonara ya mara 10 yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja inagharimu zaidi, lakini ndiyo inayostahili fedha yako.

Taa ndogo zilizozunguka lenzi hizi ziache zimezimwa. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja huijaza sarafu yote na kufuta vivuli, na mikwaruzo ya kusafishwa hujificha humo. Unachohitaji ni taa moja, ya mwanga wa njano, iliyo umbali wa sentimita 30 hadi 50 pembeni, chumba kingine kikiwa na giza kiasi. Taa ya mrija ya dari haifai. Jua la saa sita la Dodoma nalo ni kali mno: kila sarafu ndani yake inaonekana mpya.

Shika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili ikiponyoka isianguke kwenye sementi. Iangalie kwanza kwa macho matupu. Iinamishe taratibu huku na huku. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka kama njiti za gurudumu la baiskeli: metali ilipobanwa na chapa ilitiririka kuelekea nje, ikaacha mistari midogo mno ya kuakisi mwanga. Mng'ao ukizunguka uwanjani, yaani sehemu tambarare isiyo na picha, lakini ukakatika juu ya shavu la mfalme na juu ya bega, sarafu imetumika kidogo. Usipozunguka kabisa, uking'aa tu kama sufuria iliyosuguliwa, hiyo imesafishwa.

Madaraja yanayotumika sokoni ni ya namba 1 hadi 70, mtindo uliobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa senti kubwa za Marekani. Kutoka iliyochakaa zaidi kwenda juu, VG ni 8 hadi 10, F ni 12 na 15, VF ni 20 hadi 35, XF ni 40 na 45, AU, yaani karibu isiyotumika, ni 50 hadi 58, na MS, yaani isiyotumika, ni 60 hadi 70. Wanunuzi wa Ujerumani, ambao ndio wengi kwa sarafu hizi, huandika s, ss, vz na st. Ss yao ni VF, vz yao ni XF kwenda juu. Mwingereza ni mkali zaidi: akisema EF, ndiyo XF yake, Mmarekani huenda angeiita AU. Kwa hiyo ukitangaza sarafu, taja unatumia kipimo cha nani.

Kwa rupia ya Kaiser, anza na ndege aliye juu ya kofia, kisha masharubu, shavu, na mapambo ya begani. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka. Kwenye F, kofia imebaki umbo na mstari wa masharubu umeungana na shavu. Kwenye VF, nusu hivi ya nakshi ya kofia inaonekana na masharubu yamejitenga. Kwenye XF, ni ncha tu za manyoya na za bega zilizolainika. Upande wa pili, zile za hadi 1902 zina ngao ya simba na mnazi: angalia shavu na mwili wa simba. Za 1904 hadi 1914 zina thamani ndani ya shada la majani na herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukipata yenye simba na mnazi lakini mwaka wa 1910, irudishe mfukoni mwa mwenyewe, maana haikutengenezwa hivyo.

Daraja hutolewa kwa upande ulio dhaifu. Wauzaji hupenda kupiga picha upande mzuri na kuuita wa sarafu nzima.

Heller 20 za Tabora zinataka jicho lingine kabisa, na hapa ndipo wengi hukosea, hata walio na uzoefu wa rupia. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, na karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda. Shaba nyekundu na ya njano ilitoka kwenye maganda ya risasi na mizinga na mabaki mengine. Dhahabu ya rupia 15 ilitoka Sekenke, huko Iramba. Kazi ilifanyika miezi michache tu, kwani Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliichukua Tabora. Chapa zilichongwa kwa mkono, mabamba hayakuwa ya unene mmoja, na ugongaji wa chapa ulikuwa dhaifu. Matokeo yake heller 20 inaweza kutoka kiwandani ikiwa haina nusu ya herufi zake.

Kwa hiyo ukiona taji limefutika, usiseme upesi "imechakaa". Weka mara 10 juu ya sehemu iliyofutika. Metali iliyochakaa ni laini, tambarare, na rangi yake ni tofauti na ya uwanja, kahawia iliyofifia kwenye shaba. Metali ambayo chapa haikuifikia bado ina ukwaruzo wake wa asili, chembechembe na mistari ya bamba, na rangi yake ni ileile ya sehemu nyingine. Ya kwanza inashusha daraja. Ya pili haishushi daraja kwa kiasi hicho, ingawa mnunuzi atalipa pungufu kwa sababu haipendezi. Mizani hapa haikusaidii, uzito wa heller 20 unapishana sana hata kati ya mbili halali. Lenzi inasaidia pia kutambua aina: kuna taji kubwa na taji dogo, na miguu ya herufi L mbili za neno HELLER huwa imechongoka au imejikunja, kutegemea chapa. Aina huathiri bei kuliko hatua moja ya daraja, kwa hiyo itambue kabla ya kupanga hali.

Shilingi za mfalme wa 1921 hadi 1925, zenye simba mbele ya milima, zina mtego wao. Zilichemshwa kwenye tindikali kabla ya kugongwa ili fedha ibaki juu, na fedha hiyo ni ngozi nyembamba. Ikiisha kwenye nyusi za mfalme na kwenye manyoya ya shingo ya simba, unjano unachungulia. Ukiona unjano, umevuka XF kwenda chini, hata kama nakshi bado ina nguvu. Watu huziita feki kwa sababu ya unjano huo. Si feki.

Za 1966, zile zilizotuachia usemi wa kichwa na mwenge, hukaguliwa kwa shavu la Mwalimu na kwa miali ya mwenge kwenye shilingi, mabawa ya mbuni kwenye senti 20, masikio ya sungura kwenye senti 50. Ni nyingi mno. Chini ya MS hazina soko la ukusanyaji, kwa hiyo usipoteze muda kubishania VF.

Matundu. Heller 10, heller 5 za 1913 na 1914, na senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki zilitobolewa kiwandani, na tundu lake lina ukingo ulioinuka kuzunguka na liko katikati kamili. Tundu la mapambo huwa karibu na ukingo, kingo zake ni kali au zimevimba upande mmoja. Rupia nyingi zilivaliwa shingoni. Zilizozibwa baadaye hugunduliwa kwa lenzi: pale meno ya ukingoni yanapokatika na rangi ya metali inapobadilika kidogo. Tazama pia sehemu ya juu kabisa ya ukingo, juu ya kichwa, kama kuna uvimbe wa risasi ya kulehemu. Sarafu ya namna hiyo haipewi namba ya daraja hata kama uso wake ni wa AU.

Kalipa ya seti ni ya plastiki ngumu, na kwa hili plastiki ni bora kuliko chuma, maana meno ya chuma huacha alama kwenye ukingo wa fedha. Inasoma kwa uhakika wa kama milimita 0.1, inatosha. Rupia iwe karibu 30.5, shilingi 27.8. Sarafu ya kusubu mara nyingi hupungua upana, kwa sababu metali hujikunja inapopoa, na ukingo wake huwa na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Sumaku: fedha, dhahabu, shaba na shaba ya nikeli hazivutwi. Rupia au heller ikinata, ni chuma, mazungumzo yameisha. Isiponata hujathibitisha lolote, maana shaba ya njano nayo hainati. Na kwa kuwa mikoa yetu ina watu wanaotembeza "sarafu inayovuta mchele", tuseme wazi: hakuna heller wala rupia iliyotengenezwa kuvuta punje za nafaka. Anayekuonyesha hivyo anakuibia.

Tumefika kwenye kitambaa. Kimelowekwa unga wa kusagia, ndiyo maana kinaacha weusi mkononi. Weusi huo ni fedha ya sarafu yako. Msuguo mmoja unaacha mamia ya mistari sambamba ambayo chini ya taa moja ya pembeni huonekana kama nyasi zilizolala upande mmoja. Dawa ya kichupa nayo huyeyusha ngozi ya juu, ile yenye mistari ya mng'ao tuliyoitaja. Haiwezi kurudishwa na fundi yeyote. Kampuni kubwa za Marekani zinazofunga sarafu kwenye vikasha vya kudumu, PCGS na NGC, zikigundua kusafishwa huku hazitoi namba. Huandika tu kwamba nakshi ni ya daraja fulani na kwamba sarafu imesafishwa, na bei hushuka papo hapo. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno na mchanga hufanya kazi ileile mbaya, kila kimoja kwa njia yake: tindikali inakula, chembe zinakwaruza.

Udongo mwekundu wa Kondoa ukiwa umeganda juu ya sarafu, loweka kwenye maji ya betri kwa siku nzima, badilisha maji, loweka tena. Chembe za mchanga ndani ya udongo huo ni ngumu kuliko fedha, ndiyo maana kuusugua hata kwa kidole kunakwaruza. Mafuta na gundi hutoka kwa asetoni safi kwenye chombo cha kioo, nje, mbali na jiko. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Zaidi ya hapo acha. Rangi ya kahawia au ya samawati nzito iliyokaa sawasawa kwenye fedha ya zamani ni ushahidi kwamba haijaguswa, na wanunuzi huilipia.

Kitu kimoja cha hatari zaidi ya uchafu ni unga wa kijani hafifu, mkavu, unaochimba vishimo kwenye shaba. Hutoka kwa chumvi. Sarafu zilizokaa Bagamoyo au Unguja huupata sana. Ukavu wa Dodoma unauchelewesha, lakini sarafu iliyofukuliwa kwenye udongo wa chumvi wa Bahi inaweza kuwa nao uleule. Tenga sarafu hiyo na nyingine, na uipunguzie daraja bila huruma, kwa kuwa vishimo vinaendelea.

Vifuko vya plastiki vimebaki mwisho. Vile vya seti ni laini na vina harufu ya pazia jipya la bafuni, dalili ya plastiki yenye klorini. Kwenye nyumba ya bati, joto la Oktoba na Novemba huvifanya vitoe ute wa kijani unaoshika kwenye sarafu na kuila. Kuvijaribu ni rahisi: chukua waya wa shaba uliomenywa, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi hadi mwali usiwe na rangi, gusisha waya wa moto kwenye kipande cha kifuko, urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, klorini ipo. Fanya hivyo uani, usivute moshi wake. Vya sampuli tulizochoma viliwaka kijani. Badala yake omba vifuko vya mailari, plastiki isiyo na klorini; ni vigumu kidogo na hutoa mlio wa karatasi kavu ukivikunja.

Kama muuzaji anakubali kugawa, nunua mizani, kalipa na sumaku, na ununue lenzi ya sonara ya mara 10 kando. Kama hakubali, nunua seti nzima, lakini kabla ya kuweka sarafu ya kwanza mezani toa kitambaa na kichupa, uvipeleke jikoni kwenye vijiko.